Kupita na Kupitisha: Historia ya Kanuni za Huduma Katika Njia za Umma

Katika kazi ya kusanifu istilahi hutokea mara kwa mara kwamba neno moja la kigeni huletwa mezani kwa haraka, likitakiwa lipewe Kiswahili chake kabla ya saa za kazi kwisha, na baadaye ikagundulika kwamba lililoletwa si neno moja bali ni mambo matatu yaliyovaa kanzu moja. Ndivyo ilivyokuwa tulipoletewa fomu ya ridhaa iliyokusudiwa wenye mashamba ambamo nyaya za umeme wa msongo mkubwa zingepita. Fomu ilikuwa ya kurasa mbili. Katika ukurasa wa kwanza mfasiri aliandika "haki ya njia". Katikati ya ukurasa wa pili aliandika "eneo la njia". Na pale penye sahihi aliandika "ruhusa ya kupita". Maneno yote matatu yalisimama mahali pa neno lile lile la Kiingereza. Tulielezwa kwamba mzee mmoja miongoni mwa waliotia sahihi alikwenda baadaye kulalamika. Yeye aliwaruhusu watu wa umeme wapite, kwani nani amzuie mgeni kupita shambani? Hakujua kwamba kwa sahihi ile asingeweza tena kupanda minazi wala kujenga chini ya nyaya zile.

Hatukusudii kumlaumu mfasiri. Mambo aliyoyachanganya yalichanganywa pia, kwa muda mrefu, katika nchi zilikotungwa kanuni hizo, na yalitenganishwa kidogo kidogo kwa mashauri na kwa sheria. Kwa kuwa tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na kwa kuwa sheria za zamani zilihitaji kutafsiriwa, yafaa historia hiyo ifahamike kwa wafasiri, kwa walimu, na zaidi kwa watumishi wa Serikali ambao kazi yao ni kusimama mbele ya wananchi na kuwasomea tangazo.

Tuanze karibu. Atembeaye katika mitaa ya Lamu hukutana na wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia ili kuunganisha nyumba mbili zinazokabiliana. Chini hupita watu na punda wao. Juu mtu amelala. Chumba ni cha mtu binafsi, lakini nafasi kilimojengwa ni ya njia ya watu wote. Jambo hili halikuachwa bila kanuni. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, walilijadili karne nyingi zilizopita. Katika Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyeishi katika karne ya 13, imeelezwa kwamba haifai kufanya katika njia ya umma jambo linalowadhuru wapitao. Kwa hiyo mwenye kutokeza ubawa wa nyumba juu ya njia sharti aunyanyue kiasi cha mtu kupita wima akiwa na mzigo wake. Na kama njia yenyewe hupitwa na misafara, basi kiasi cha ngamia kupita na kilichofungwa mgongoni mwake. Kitabu hicho kilitumiwa na makadhi wa Zanzibar. Hali kadhalika iko hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uwekwe dhiraa saba.

Tunaona basi kwamba pwani ilikuwa na kanuni ya upana wa njia na ya anga lake kabla waya wa kwanza haujafungwa. Maneno nayo yalikuwapo: ujia, kichochoro, mtaro, mfereji, mlizamu. Kipimo cha kila kitu kilikuwa mpita njia. Ambacho hakikuwapo ni yule mtu wa tatu, ambaye si mpita njia wala si mwenye nyumba, naye ni shirika linalotaka kutumia njia ya wote ili kuuza maji au taa kwa kila mmoja.

Warumi walilianza jambo hilo kwa upande wa maji. Mwaka 11 kabla ya Kristo baraza lao kuu liliamuru kwamba kila upande wa mifereji mikubwa iliyoleta maji mjini Roma paachwe futi 15 wazi, bila jengo wala mti, na kwa mifereji iliyopita chini ya ardhi na ile ya ndani ya mji, futi 5. Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya mji huo mwaka 97, analalamika katika kitabu chake kwamba watu walijenga na kupanda miti katika nafasi hiyo, na mizizi ikapasua kuta. Anaeleza pia desturi ya wazee wake inayotustahilisha kutulia kidogo: mwenye shamba akikataa kuuza kipande tu, walimlipa shamba zima, wakapima sehemu waliyoihitaji, kisha wakaiuza tena iliyobaki. Warumi wale walijua kwamba kipande kinapokatwa, kilichobaki hakina thamani ile ile. Wathamini wa leo hubishana na wananchi juu ya neno hilo hilo.

Huko Uingereza mambo yalianzia katika makaa ya mawe. Wenye machimbo ya kaskazini mashariki, karibu na Newcastle, walihitaji kupitisha magari ya makaa juu ya mashamba ya watu wengine hadi mtoni, nao walilipa kodi kwa ajili hiyo. Ruhusa hiyo pamoja na malipo yake ndiyo iliyoitwa "wayleave", nalo ndilo neno lililohamia baadaye katika waya za simu na za umeme, na ndilo linalowasumbua wafasiri wetu hadi leo. Yafaa kukumbuka asili yake, kwa maana haikuwa ardhi iliyouzwa, wala haikuwa njia ya watu wote. Ilikuwa ruhusa ya kupitisha kitu maalumu, kwa malipo, na ardhi ikabaki ya mwenyewe.

Mwaka 1812 kampuni moja ya gesi ya London ilipata hati ya kifalme, na kwa gesi ile mabomba yalianza kuenea chini ya barabara za mji. Kampuni zikaongezeka, za gesi na za maji, kila moja ikichimba kwa wakati wake. Mwaka 1847 Bunge lilitunga sheria mbili, moja ya gesi na moja ya maji, zilizoweka masharti ya jumla, na masharti hayo yastahili kusomwa na kila mhandisi wa halmashauri. Atakaye kuchimba barabara atoe taarifa siku tatu kamili kabla. Achimbe chini ya usimamizi wa wenye mamlaka ya barabara. Akimaliza arudishe barabara ilivyokuwa, azungushie uzio na kuweka taa usiku wakati kazi haijakwisha. Kisha aitunze sehemu hiyo kwa miezi mitatu, na kama udongo utaendelea kutitia, aitunze kwa muda zaidi usiozidi miezi 12. Ni nani kati yetu asiyeijua barabara iliyotiwa lami Jumatatu na kuchimbwa na watu wa maji Ijumaa, na udongo wake ukaendelea kutitia hadi masika? Mtunga sheria wa 1847 aliifikiria hata hiyo masika.

Nguzo za simu zilileta swali gumu zaidi kuliko mabomba, kwa sababu bomba likifukiwa halionekani. Mwaka 1862 kampuni moja ya simu ilishitakiwa kwa kusimika nguzo pembezoni mwa barabara bila idhini ya sheria. Ilijitetea kwamba magari hayapiti pale, hupita katikati. Mahakama ilikataa utetezi huo: kwa kawaida umma una haki juu ya nafasi yote iliyo baina ya ua na ua, si juu ya kokoto za katikati peke yake. Shauri hilo linatupa kitu ambacho Kiswahili cha kila siku hakikitenganishi vizuri, yaani tofauti baina ya barabara inayokanyagwa na ardhi ya barabara.

Lililo kubwa zaidi kwetu sisi wa istilahi lilitoka Marekani. Mji wa St. Louis uliidai kampuni ya simu ya Western Union dola 5 kwa mwaka kwa kila nguzo iliyosimama katika mitaa yake. Kampuni ilisema kwamba sheria ya nchi imeiruhusu kutumia barabara kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani iliona kwamba matumizi hayo mawili si ya jinsi moja. Mpita njia hutumia mahali kwa dakika moja, akaondoka, na mwingine akapatumia. Nguzo hukaa, na pale ilipokaa hakuna mwingine awezaye kupatumia. Kwa hiyo dola zile zilikuwa kodi ya pango, wala hazikuwa ushuru wa biashara. Miaka 12 baadaye, mwaka 1905, mahakama hiyo hiyo iliamua shauri la kampuni ya gesi ya New Orleans, iliyotakiwa kuhamisha mabomba yake kupisha mitaro ya maji ya mvua, nayo ikataka ilipwe. Haikulipwa. Ilipewa haki ya kuweka mabomba katika mitaa ya mji, lakini haikupewa haki ya mahali fulani hasa, na mji ukihitaji mahali pale kwa afya ya watu wake, bomba lihame kwa gharama ya mwenye bomba.

Tukirudi kwetu, waya ulifika kabla ya barabara. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879, na mwaka 1890 waya ukafika Bagamoyo na Dar es Salaam. Watu waliuita simu, neno la Kiajemi ambalo maana yake ni waya wenyewe, na kwa miaka mingi simu ilikuwa ya maandishi kabla haijawa ya mdomo. Mwaka 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaiser, na yakafuata mapatano ya kupitisha katika nchi yetu waya aliotaka uende kutoka Cape hadi Cairo. Waya huo ulifika Ujiji ukaishia hapo. Hayo yalikuwa mapatano ya kupitisha kwa kiwango cha nchi nzima, na waliopatana walikuwa kampuni moja na dola moja. Wenye ardhi hawakuulizwa.

Umeme ulianza Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na sehemu walikokaa Wajerumani. Mwaka 1931 Waingereza walitunga sheria ya umeme, na mwaka huo zilianzishwa kampuni mbili za binafsi ambazo baada ya uhuru ziliingia mikononi mwa Serikali na kuwa TANESCO. Sheria ya Barabara ilifuata mwaka 1932. Sheria hizi mbili zilidumu kwa miongo mingi. Ya barabara ilibadilishwa mwaka 2007 na ya umeme mwaka 2008. Katikati yake lilijengwa bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968, na ndipo wanakijiji wengi walipoona kwa mara ya kwanza ukanda mrefu uliofyekwa ambao hakuna gari lipitalo wala mtu anayelima.

Ukanda wa namna hiyo una jina lake: mkuza. Leo tunasikia mkuza wa bomba la gesi, ule wa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam uliozinduliwa mwaka 2015. Mkuza wa reli. Mkuza wa njia ya umeme. Na mkuza wa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, wenye upana wa mita 30 kwa kilomita 1,443. Neno limeenea kwa kutumiwa na mafundi, wapimaji na magazeti, bila kusubiri kikao chochote. Sisi tunalipokea kwa furaha. Ni fupi, lina wingi wake, nalo halichanganyiki na njia.

Neno "hifadhi ya barabara" halikuwa na bahati hiyo. Maana yake ni ardhi yote ya barabara, ile ile iliyoamuliwa katika shauri la 1862, pamoja na nafasi iliyowekwa akiba kwa upanuzi wa baadaye. Lakini hifadhi kwa mwananchi ni Serengeti na Mikumi. Kwake ni mahali panapolindwa kwa sababu ya kilichomo, na katika hifadhi ya barabara hakuna simba wala mti wa ajabu. Kuna nafasi tupu tu, na nafasi tupu katika mji ni mwaliko. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Mita hizo 7.5 za nyongeza zilikuta nyumba zimekwisha jengwa kihalali. Ndipo alama ya X ikapata rangi mbili: nyekundu kwa aliyeingia katika hifadhi, ambaye atabomoa bila fidia, na kijani kwa yule ambaye hifadhi ndiyo iliyomfuata, ambaye atalipwa. Mwananchi hakusubiri istilahi ya Baraza. Alisema "nimepigwa X", na kila mtu akamwelewa. Hata hivyo neno hilo halisemi rangi, na katika rangi ndimo mlimo nyumba ya mtu. Wakati wa ubomoaji wa mwaka 2017 baina ya Kimara na Kiluvya, neno hifadhi lilitajwa kila siku, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya upana wake na tangu lini.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2012 zinagawa haki za njia za umma katika mafungu mawili yale yale. La kwanza ni la dola na mashirika yake, kwa ajili ya nyaya, mabomba na mfano wa hayo. La pili ni la watu wenyewe, kwa ajili ya kutembea. Wafasiri wengi huyaita yote mawili "haki ya njia", kisha hulazimika kuongeza maelezo marefu. Kwa maoni yetu Kiswahili hakihitaji maelezo hayo, kwa sababu kina mnyambuliko. Haki ya watu ni haki ya kupita. Haki ya shirika ni haki ya kupitisha. Silabi moja ya kusababisha inafanya kazi ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliifanya kwa kurasa kadhaa: apitaye hupita mwenyewe na kuondoka, apitishaye huleta kitu, na kitu hicho hubaki.

Ndugu mmoja katika kikao chetu alipinga, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema nguzo haipiti wala haipitishwi. Nguzo husimikwa, kwa hiyo tuseme haki ya kusimika. Tulimjibu kwamba bomba halisimikwi bali hufukiwa, nao waya hutandazwa, na tukifuata kila kitendo tutakuwa na haki nyingi kuliko huduma. Kinachopita katika vyote ni huduma yenyewe: maji, umeme, gesi, sauti. Hatujui kama aliridhika, lakini alinyamaza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba "hifadhi ya barabara" iendelee, maadam imo katika matangazo yote, ila kila tangazo litaje upana wake kwa mita na mahali pa kuanzia kupimia. "Mkuza" uwe ukanda wa ardhi wa huduma iliyo nje ya barabara. "Haki ya kupitisha" iwe haki yenyewe, na hati yake iseme waziwazi kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe na ni mambo gani hatayafanya tena juu yake. Nchini Kenya, ambako shirika la KETRACO hutwaa upana wa mita 60 kwa njia ya kilovolti 400, mtu mwenye shamba la ekari mbili aweza kuona mara moja kwa nini sentensi hiyo isikosekane. Nacho "kibali cha kukata barabara" kiwe ruhusa ya kazi ya siku maalumu, ambayo haimpi mtu haki yoyote baada ya shimo kufukiwa. Aidha tunashauri "kurejesha barabara" badala ya "kukarabati" katika mikataba ya uchimbaji. Anayekarabati hutengeneza kilichochakaa, na sifa ni yake. Anayerejesha hulipa deni.

Fomu tuliyoletewa ilirudishwa kwa wenyewe ikiwa imesahihishwa kwa maneno haya, na pale penye sahihi tuliandika: "Natoa haki ya kupitisha nyaya za umeme juu ya ardhi yangu. Nimeelezwa kwamba katika mkuza nisijenge wala nisipande miti mirefu." Haikuzidi kurasa mbili.

Limebaki jambo moja tusilolipatia neno. Tangu mwaka 2009, waya wa SEACOM ulipofika pwani yetu na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza, makampuni mengi yamekuwa yakichimba au kutundika nyaya katika hifadhi zile zile, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaweka msingi wa kuyafanya yatumie miundombinu kwa pamoja. Nguzo ni ya shirika moja, nyaya ni za makampuni manne, na ardhi ni ya umma. Yule wa pili anayetundika waya wake juu ya nguzo ya mwenzake ana haki gani, nayo iitwe nini? Yamependekezwa "utundikaji", "ubia wa nguzo" na "upangaji wa nguzo", na hakuna lililotukinaisha. Wasomaji walioko katika halmashauri, katika mashirika ya umeme na ya simu, na hasa mafundi wanaopanda nguzo hizo, tunawaomba watuandikie neno wanaloitana nalo kazini.